Alama za Taa: Kutoka Daftari la Mchoraji

Jumatatu, 8 Julai 2024

Ramani ya msanifu imefika: jengo la wazazi la kituo cha afya, mkoa wa Pwani. Wodi mbili, chumba cha kujifungulia, ofisi ya muuguzi wa zamu, vyoo, kibaraza kirefu. Umeme wote ni wangu kuuchora, na naanzia kwenye taa, kwa sababu taa ndiyo inayogombania dari na kila mtu. Fundi wa jipsamu ana mistari yake, pangaboi lina nafasi yake, na taa ikichelewa kuchorwa inapewa makombo.

Nimefungua folda ya alama tuliyoirithi ofisini. Kila mradi uliopita umeacha chake humo. Paneli ya 600 kwa 600 imo mara tatu kwa majina matatu. Moja ilichorwa kwa inchi, ukiiweka kwenye mchoro wa milimita inatokea nukta. Nyingine ina rangi nyekundu iliyogandishwa ndani yake, hata uiweke leya gani haisikii. Ya tatu ni nzuri, ila haina pahali pa kuandika namba ya sakiti, kwa hiyo kila mchoraji amekuwa akiandika pembeni kwa maandishi yaliyoelea, na taa ikihamishwa maandishi yanabaki nyuma.

Mradi huu hautaazima humo. Nachora upya, kwa bloku zinazobadilika, zile ambazo AutoCAD ilizileta kwenye toleo la 2006: alama moja inayobeba maumbo na vipimo kadhaa, mchoraji anachagua anachokitaka bila kuingiza alama nyingine.

Naliandika hili mapema nisije nikalisahau kazi ikinoga. Alama ya taa ni agizo. Mtu atakata tundu kwenye jipsamu kwa sababu yake, atavuta waya wa 1.5 hadi hapo, na mtu mwingine atatoa fedha. Kwa hiyo alama haifai kuweza kuonyesha kitu ambacho hakiwezi kufungwa.

Jumatano, 10 Julai

Leo ni taa za tyubu. Nimechora mstatili mwembamba, vipande viwili vifupi mwishoni, nikaingia ndani ya kihariri cha bloku na kuweka parameta ya urefu kutoka ncha hadi ncha, kisha kitendo cha kuvuta kilichofungwa kwenye ncha ya kulia. Hapo bloku tayari inavutika: ukibofya kishale mwishoni na kukiburuta, taa inarefuka.

Wengi huishia hapo, na ndipo shida inapozaliwa. Taa inayovutika bila kipimo itasimama popote mkono utakapochoka. Itasimama kwenye milimita 1137, na kwenye skrini itapendeza kabisa, imejaa vizuri kati ya kuta mbili. Hakuna duka Kariakoo linalouza taa ya milimita 1137. Kule wanauza kwa futi: futi mbili, futi nne, futi tano.

Kwa hiyo nimefungua sifa za parameta na mahali pa aina ya kipimo nikachagua orodha, nikaandika 600, 1200 na 1500. Basi. Sasa ukishika kishale, vijistari vidogo vya kijivu vinajitokeza pale tu taa inaporuhusiwa kusimama. Ukiburuta hadi katikati na kuachia, inarudi yenyewe kwenye kistari kilicho karibu. Nimeburuta na kuachia nikiwa peke yangu pale mezani, nikaona raha ya kweli. Kukataa kwake ndiko kunakonipa imani nayo.

Nimeongeza na jedwali la kuchagulia, ili mchoraji asiyetaka kuburuta abofye na kukuta "futi 2", "futi 4", "futi 5". Majina ya dukani upande mmoja, milimita upande wa pili. Mkadiriaji na fundi hawatahitaji mkalimani.

Ijumaa, 12 Julai

Mchoraji mzee wa ofisi yetu, aliyeanza kazi enzi za karatasi ya trasingi na kalamu za Rotring, alisimama nyuma ya kiti changu kwa muda mrefu. Akaenda kwenye droo yake akarudi na kiolezo cha plastiki cha kijani, kimepauka, chenye matundu: duara, nusu duara, mstatili, pembetatu.

"Hiki kilikuwa maktaba yetu," akaniambia. "Kama tundu halipo, huchori. Unakwenda kumuuliza injinia kwanza."

Na ukikosea, alisema, unakwangua wino kwa wembe polepole mpaka karatasi inaanza kuota manyoya, na pakikwanguliwa mara mbili wino unasambaa. Ndiyo maana walifikiri kabla ya kushusha kalamu. Nilikishika kile kiolezo nikaona jambo ninalolihangaikia wiki nzima wao walilipata bure, kutokana na ugumu wa plastiki: matundu yalikuwa machache.

Wazo la alama mama na nakala zake si jipya hata kwenye kompyuta. Ivan Sutherland alilionyesha mwaka 1963 katika tasnifu yake pale MIT, kwenye programu aliyoiita Sketchpad, akichora kwa kalamu ya mwanga juu ya skrini ya kompyuta ya TX-2. Unachora mchoro mama, unasambaza nakala, ukibadilisha mama nakala zote zinafuata. AutoCAD ilikuja miaka 19 baadaye, 1982. Kila ninapobadilisha mstari mmoja ndani ya bloku na kuona taa zote za wodi zinabadilika kwa pamoja, hilo ni wazo lake linafanya kazi Dar es Salaam.

Jumanne, 16 Julai

Tumebishana na injinia, kwa heri lakini kwa nguvu. Yeye anataka bloku moja tu ya taa yenye orodha ya kila kitu ndani yake: paneli, tyubu, taa ya duara ya kuzama, taa ya ukutani, ya nje, ya dharura, ya kioo cha chooni. Anasema bloku moja ni rahisi kuitunza.

Mimi nimezigawa tatu, kwa namna zinavyofungwa: za kubandika juu ya dari, za kuzama ndani ya dari, na za ukutani. Sababu yangu ni hii. Orodha ya mwonekano inafunguka kwa kubofya pembetatu ndogo inayoangalia chini, na majina yanashuka yamebanana. Jicho likiteleza mstari mmoja, taa ya kuzama imegeuka ya ukutani, bila onyo lolote, katikati ya chumba ambako hakuna ukuta. Taa ya kuzama inadai tundu na nafasi juu ya jipsamu. Ya kubandika inadai skrubu tu. Ya ukutani inadai kimo kutoka sakafuni, na hicho kimo hakina maana yoyote kwa zile nyingine mbili. Vitu vyenye madai tofauti visiwe mbofyo mmoja kutoka kwa kingine.

Alikubali, ila kwa sharti kwamba taa ya dharura isiwe bloku ya nne. Hapo yuko sahihi. Taa ya dharura mara nyingi ni paneli ileile yenye betri ndani, kwa hiyo imekuwa hali ya pili ya kila taa: nusu ya umbo imejazwa weusi. Nimekataa kutumia rangi kuitambulisha. Viwango vya Uingereza tunavyovifuata vinataka angalau laksi 1 kwenye mstari wa katikati wa njia ya kutokea umeme ukikatika, na sitaki njia ya kutokea ya mama mjamzito itegemee kama fotokopi ilikuwa ya rangi au la.

Jingine lililochukua mchana wangu: ukubwa. Paneli nimeichora kwa kipimo chake halisi, 600 kwa 600, kwa kuwa inakaa ndani ya mraba wa dari na lazima ionekane kama inaingia. Lakini taa ya duara ya kuzama ina kipenyo cha kama milimita 100. Kwenye mchoro wa 1:100 hiyo ni milimita moja ya wino. Haionekani, au inaonekana kama uchafu wa printa. Basi hiyo ni alama, si picha, na nimeipa uwezo wa kufuata skeli ili kwenye karatasi ibaki milimita tatu, mchoro uwe wa 1:50 au 1:100. Swichi vivyo hivyo. Nimeyaandika haya kwenye ufunguo wa mchoro, kwa maneno kamili: hizi zimechorwa kwa kipimo, hizi ni alama tu. Asipime mtu taa ya duara kwa rula akakata tundu la milimita 300.

Maumbo yote ndani ya bloku yako leya 0, ili yavae leya yanamowekwa. Hakuna tena nyekundu iliyogandishwa.

Alhamisi, 18 Julai

Swichi. Nimeweka parameta ya kujipanga, na sasa ukiisogeza swichi karibu na ukuta inageuka yenyewe kuufuata, ukuta uwe umenyooka au umekaa mshazari. Njia moja, njia mbili, ya katikati: hali tatu tu za mwonekano. Kazi ya asubuhi moja, na haina mengi ya kusimulia.

Jumamosi, 20 Julai

Nimekwenda Kigamboni kwenye jengo jingine ambalo michoro yake ilitoka mwaka jana. Nilitaka kuona karatasi inavyotumika ikishatoka mikononi mwetu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo ofisini?"

"Hatujambo. Nimekuja kuiona ramani unayofanyia kazi."

Aliitoa kwenye mfuko wa nailoni. Sisi tulitoa A1. Aliyonayo ni A3, fotokopi ya fotokopi, imekunjwa mara nyingi na kwenye mikunjo mistari imekatika. Kutoka A1 hadi A3 kila kitu kinapungua nusu: maandishi yetu ya milimita 2.5 yamekuwa 1.25. Namba za sakiti zilikuwa ukungu. Juu ya kila taa alikuwa ameandika herufi kwa kalamu ya bluu, kubwa, a, b, c, na herufi hizohizo kwenye swichi.

"Mimi naangalia umbo kwanza," alisema. "Nijue ni taa gani. Halafu nataka kujua taa ipi inakwenda na swichi ipi. Hayo mawili nikiyapata navuta waya. Mengine nampigia injinia simu."

Nikamuuliza kuhusu wati, zile tulizoziandika kando ya kila taa.

"Wati nazikuta kwenye boksi, mama."

Nimeandika yote. Hakulalamika hata mara moja; alikuwa ameshazoea kuimalizia ramani mwenyewe. Hilo ndilo lililoniuma.

Usiku huu nimebadilisha maandishi ndani ya bloku. Herufi ya swichi imepanda hadi milimita 5 kwenye A1, ili A3 ibaki 2.5 inayosomeka. Namba ya sakiti, kama DB2-Y4, iko milimita 3.5. Wati zimefichwa: zimo ndani ya bloku kwa ajili ya jedwali, karatasini hazitoki. Baada ya kubadilisha ni lazima kuita ATTSYNC, la sivyo taa zilizokwisha kuwekwa zinabaki na maandishi ya zamani. Na amri hiyo huyarudisha kwenye nafasi ya mwanzo maandishi yote yaliyosogezwa kwa mkono, kwa hiyo ni bora kuifanya sasa, kabla hatujaanza kuyapanga yasigongane na kuta.

Kitu kingine nilichokirekebisha hapohapo: bloku ikizungushwa, maandishi yalizunguka nayo na kusomeka kichwa chini. Kitendo cha kuzungusha nimekifunga kwenye maumbo peke yake. Taa inageuka, maandishi yanabaki wima wa msomaji.

Jumatano, 24 Julai

Pangaboi na taa. Wodi za Pwani haziendi bila pangaboi, na pangaboi la kawaida lina mzunguko wa milimita 1400. Taa ikikaa juu ya mapanga, kivuli kinakatakata chumba kizima. Mgonjwa amelala chali anatazama huko huko, saa nzima, siku nzima.

Bloku ya pangaboi nimeichorea duara la milimita 1400 kwa mstari wa vipande, nikaliweka kwenye leya ya Defpoints ambayo haichapwi. Mchoraji analiona duara kwenye skrini na hawezi kusema hakujua. Fundi kwenye karatasi haoni mstari usiomhusu. Kwenye wodi ya kwanza nikagundua paneli nne za mpangilio wetu zinaingia ndani ya duara. Nimezihamisha zikae kati ya mapangaboi, juu ya njia kati ya vitanda.

Kisha viwango. Kiwango cha Ulaya cha EN 12464-1 kinataka laksi 100 wodini kwa mwanga wa jumla, 300 kwa uchunguzi mwepesi kitandani, na 1000 kwa uchunguzi na tiba. Chumba kimoja, mahitaji mawili au matatu, na kila moja liwe na swichi yake. Hapa ndipo herufi ya swichi ilipoonyesha thamani yake: wodi ina paneli za aina moja, lakini nusu ni a na nusu ni b, na taa za kichwani mwa vitanda ni c. Ukiitazama ramani tu unajua mama mmoja anaweza kuchunguzwa bila kuwaamsha wengine.

Jumatatu, 29 Julai

Kuhesabu. Mkadiriaji wetu ana programu ndogo ya zamani inayohesabu bloku kwa majina. Aliipitisha kwenye faili langu akapata taa chache ajabu, akanipigia simu kwa mashaka.

Sababu ninaijua. Bloku inayobadilika, ukishaitoa kwenye hali yake ya mwanzo, AutoCAD inaitengenezea nakala ya siri yenye jina linaloanza na *U. Jina la asili lipo, ila limehifadhiwa pembeni. Programu inayotafuta jina la juu juu inaona zile tu ambazo hazijaguswa. Zana ya kutoa data iliyomo ndani ya AutoCAD inalijua jina halisi, na inasoma pia urefu uliochaguliwa na hali ya mwonekano. Tumekaa pamoja mchana tukapanga safu: aina, urefu, namna ya kufungwa, sakiti, herufi ya swichi, wati. Jedwali likatoka.

Alichokifurahia mkadiriaji ni safu ya urefu. Ilikuwa na namba tatu tu kutoka juu hadi chini: 600, 1200, 1500. Kwenye mradi uliopita, aliniambia, alikuta urefu wa kila namna na akalazimika kukisia kila mmoja ulikusudiwa kuwa taa gani. "Leo sijakisia hata moja, dada," alisema.

Ijumaa, 2 Agosti

Kikao na mteja. Msanifu aliongea kuhusu madirisha, injinia kuhusu jenereta. Muuguzi mkuu wa kituo alikaa kimya karibu mpaka mwisho, kisha akavuta mchoro wa taa karibu yake.

"Injinia, samahani. Usiku mama amelala na mtoto pembeni. Nikiwasha hizi, wodi nzima inaamka, watoto wanalia. Nikizima, sioni kama mama anavuja damu. Hapa usiku natumia taa ipi?"

Hatukuwa nayo. EN 12464-1 inaitaja: laksi 5 kwa mwanga wa usiku wodini. Ilikuwa kwenye kitabu mezani kwangu wiki zote hizi, lakini haikuwa kwenye mpango wa injinia wala kwenye muhtasari wa mteja, na mimi nilichora nilichopewa. Injinia aliandika papo hapo na kumshukuru kwa dhati.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimefungua bloku ya taa za ukutani na kuongeza hali moja ya mwonekano: "usiku". Umbo ni nusu duara lenye mstari mnene chini, kwa kuwa mwanga unaelekezwa sakafuni. Kimo chake cha mwanzo ni milimita 450, na nimekifunga kiandikwe karatasini, kwa sababu taa hiyo ikifungwa juu inakuwa taa nyingine kabisa. Injinia ameipa sakiti yake peke yake, na swichi iko mezani kwa muuguzi wa zamu, herufi n.

Nimejaribu kuiona kwenye fotokopi ya A3: nusu duara haikuungana na mstari wa ukuta, herufi inasomeka. Mkadiriaji ameshapitisha data upya na taa za usiku zimeingia kwenye jedwali kwa jina lao. Mchoro umetoka leo kama toleo B. Nimeomba nakala ya pili ipelekwe kwa muuguzi mkuu, siyo kwa mkandarasi peke yake, ili aweke alama pale vitanda vitakapokaa kweli. Msanifu alivipanga kwa kufuata madirisha, na muuguzi anasema vitanda vya wodi ya pili vitageuzwa. Vikigeuzwa, taa zote za c zinahama.